Samadi ya Kwenda Ukara

Kambi ya mgodini, Geita
11 Mei 1952

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umejitwika tenga, litue kwanza, maana nina mengi. Mimi nipo: nakula, nafanya kazi, nalala. Makoye wa Shinyanga, ninayelala naye chumba kimoja, anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu anayeandika barua asitie salamu za mwenzake ni mchoyo. Msalimie mwanao Scolastika. Wasalimie baba mdogo Mageni na nyumba yake yote. Msalimie na Chui, wala usicheke. Ng'ombe niliyelala naye nyumba moja tangu akiwa ndama, madoa yake nayajua kuliko sura za watu wa hapa.

Barua yako ya msiba niliipata mwezi wa tatu. Donatus aliitoa kwenye mashua yake akaileta mwenyewe mpaka kambini, akasimama mlangoni ameshika kofia, nikajua kabla sijaifungua. Umeniuliza kwa nini sikuja hata kwenye matanga ya mama. Sikupata ruhusa. Ndivyo ilivyokuwa, na naomba tusilirudie.

Sasa neno lenyewe. Dada, acha ule mlima. Njoo huku.

Siandiki kwa mchezo, nimezunguka nimeona. Huku ardhi imelala kama mkeka. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji cha jirani, mzee wa Kisukuma anayeitwa Mabula, akimwona mtu hana fujo humwonyesha kwa fimbo: kutoka mti ule mpaka kichuguu kile, lima. Basi. Shamba likichoka wanaliacha, wanafyeka pori jingine, kama mtu anavyobadili shati. Hakuna anayefuga ng'ombe ndani ya nyumba ili asipoteze samadi yake. Nilipowaeleza kwamba kwetu Ukara mvua ikishusha udongo sisi tunaufuata chini, tunaujaza kwenye matenga, tunaurudisha mlimani ngazi kwa ngazi, walinitazama kama mtu anayetunga hadithi. Mmoja akaniuliza, "Na ziwa lenyewe hamlipandishi?"

Jumapili nilitembea kwenda kuonyeshwa kipande changu. Njia inapita katikati ya vilima viwili vya mawe, halafu inashuka kwenye miti mirefu ambako ndege wanapiga kelele kuliko mashine za mgodini. Si mbali sana. Nilipumzika mara nyingi njiani, kwa sababu ya uzuri wa mahali.

Fikiri, dada. Mwachie baba mdogo mawe yake.

Mdogo wako,
Valerian


Bwisya, Ukara
2 Julai 1952

Mdogo wangu Valerian,

Marahaba. Nimetua tenga, nimesoma, nimejitwika tena. Jibu limechelewa kwa sababu upepo ulikataa. Donatus alikaa ufukweni anashona tanga na kugombana na mkewe, mpaka mkewe akamwombea upepo kanisani. Sisi wazima. Scolastika amerefuka, gauni la Pasaka limekuwa blauzi. Mpe Makoye salamu zangu, umwambie mimi pia sipendi watu wachoyo.

Mwachie baba mdogo mawe yake, unasema. Mawe ya nani? Ngazi za juu za shamba alizijenga babu. Za katikati alizijenga baba. Ya chini kabisa tuliijenga sisi, mimi na wewe na mama, mwaka ule wa njaa. Ulikuwa mdogo, unabeba kokoto kwenye shati unajiona fundi. Umesahau?

Basi nikueleze kilichopo. Siku ya kuondoa matanga baba mdogo alisimama mbele ya ukoo akasema shamba la marehemu halina mtu. Alisema mjane kama mimi hawezi kulilisha peke yake, na mtoto wa kiume amelewa dhahabu ya Geita. Desturi ya ukoo wetu unaijua: shamba likikosa samadi msimu mmoja, linakwenda kwa ndugu atakayelilisha. Kabla ya kupanda uwele wazee watapanda mlima, wapite ngazi kwa ngazi, wachote udongo, wausugue, waunuse. Wakiukuta una njaa, shamba ni la Mageni.

Simchukii. Ana wana wengi wa kiume, na shamba lake halimtoshi kuku kuparua. Lakini hili simpi. Mama alikufa ana udongo kwenye kucha. Nilimwosha mimi mwenyewe na haukutoka wote. Nitalilisha.

Halafu jambo jingine. Tangu lini wewe unapumzika njiani kwa sababu ya uzuri wa mahali? Wewe uliyekuwa ukipanda mlima huu na tenga limejaa huku unapiga mluzi, mama akikukemea kwamba unawaita nyoka?

Dada yako,
Eufrasia


Kambi ya mgodini, Geita
3 Agosti 1952

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Hapa kuna furaha chumbani kwetu: Makoye amepata mtoto wa kike huko kwao, jina lake Esta, na amezunguka kambi nzima kuwatangazia hata watu wanaomdai usingizi. Mimi sina jipya. Kazi ni kazi. Vumbi ni vumbi.

Nimekuelewa, huji. Nilikukasirikia siku kadhaa. Halafu nikaona afadhali nimkasirikie baba mdogo, nikapata nafuu.

Kipande nilichopewa nimekilima. Kutoka mti ule mpaka kichuguu kile ni nchi nzima, dada. Ukara wangekaa hapo watu na wajukuu zao. Mimi nimelima pembe moja tu, kadiri ya uwanja wa nyumba yetu. Mkono umekataa zaidi. Nikiona udongo mpana najiuliza, nitaupa nini ule? Kwa hiyo nimepanga mawe upande wenye mteremko, nimechimba shimo la majani na majivu, nimepanda maboga, mchicha na njugumawe, namwagia maji ya kisima kwa debe. Watu wanaokwenda mnadani wanasimama kunitazama.

"Wewe, umefungwa kamba?"

"Hapana."

"Mbona hutoki hapo pembeni? Nchi yote hiyo unaiogopa?"

Nikasema, "Nikimaliza kuilisha hii nitakwenda kwenye nyingine."

"Kuilisha! Kwani ina mdomo?" Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Asiyecheka ni Paskalia, mke wa Mabula. Yeye huja, anainua jani la boga, anatazama chini yake, anaondoka.

Sasa nisikilize. Umeniandikia habari za upepo, za tanga, za mke wa Donatus. Hukuandika nani anakata majani ya ng'ombe asubuhi kwenye mashimo tunamoyaotesha kando ya ziwa. Hukuandika samadi imefika wapi ndani ya nyumba. Zamani hata katika barua ya mistari mitatu ulitia: samadi imepanda, Chui sasa anakwaruza dari kwa pembe. Chui hajambo? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako,
Valerian


Bwisya, Ukara
29 Agosti 1952

Mdogo wangu Valerian,

Marahaba. Hongera kwa Makoye, Mungu amkuze Esta. Scolastika ameng'oka jino la mbele, amelirusha juu ya paa, sasa kila asubuhi ananionyesha pengo aone kama panya ameleta jingine.

Chui yuko salama huko aliko.

Napandisha udongo kila siku. Natoka kabla jua halijagusa mawe, natua kwenye lile jiwe bapa la mama, napumua, naendelea. Nikifika ngazi ya juu nauona mwili wote wa kisiwa hiki, mashamba yamepangwa kama mabaka ya nguo ya masikini aliye msafi, na ng'ambo ya maji naiona Ukerewe. Mama alikuwa anasema hapo juu ndipo mahali pekee Ukara ambapo mtu hawezi kukanyaga shamba la mwenzake. Miguu yangu imekuwa ya mbuzi.

Baba mdogo hupita jioni. Anagusa udongo kwa kidole cha mguu, anasema, "Mwanangu, udongo bila samadi ni mchanga wenye jina." Namwambia, "Shikamoo, baba." Anapita.

Usinitumie sukari wala shuka. Sihitaji kitu.

Na wewe hukunijibu nilipokuuliza kuhusu kupumzika njiani.

Dada yako,
Eufrasia


Kambi ya mgodini, Geita
26 Septemba 1952

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, kwa sababu barua hii inasafiri na mzigo, na Donatus anautazama upepo kama mtu anayengoja deni. Makoye anakusalimu, ila kwa sasa hasemi nami vizuri. Utajua kwa nini.

Ng'ombe wa Ukara hana "huko aliko". Yuko ndani ya nyumba au hayupo. Donatus alipokuja na samaki wake wakavu nilimbana. Alizunguka sana, akasema uliwaapisha watu wa mashua, mwisho akatema: Chui alichinjwa kwenye matanga ya mama. Baba mdogo alishikilia kwamba mama hawezi kuagwa kwa mbuzi. Akala, akapangusa mdomo, akasimama kusema shamba halina samadi. Dada, siku hiyo nilitaka kupanda mashua. Sikupanda, nina sababu zangu.

Nikakaa nikawaza. Mimi hapa nimezungukwa na samadi! Mazizi ya hawa Wasukuma yana samadi ya miaka mingi, imekauka, imerundikana mpaka ng'ombe wanaingia zizini kwa kupanda. Hakuna anayeitaka. Hapo ndipo nilipofanya kosa.

Kwetu mtu hagusi samadi ya mwenzake bila kuomba, nami nikaomba kama nilivyolelewa. Nilivaa shati safi, nikachukua jogoo, nikaenda kwa Mabula. Nilimwamkia nikiwa nimesimama, nikamwomba radhi kwa hilo, akasema haidhuru.

"Mzee, nimekuja kuomba samadi ya zizi lako."

"Kuomba nini?"

"Mavi ya ng'ombe wako, mzee. Yale makavu."

"Na huyo jogoo?"

"Ni wa heshima."

Paskalia aliacha kupepeta. Mabula akasogeza kigoda chake nyuma, akanitazama kuanzia miguuni. "Mtu anatoka kisiwani huko, analeta jogoo mzima, ili apewe mavi. Kijana, unataka nini hasa kwa ng'ombe wangu?"

Kumbe huku, dada, mtu anayeleta zawadi ili apewe kitu cha zizini anataka baraka ya mifugo yako, aihamishie kwake. Kama ningeingia na gunia nikazoa tu, wangeniona mjinga wakaniacha. Jogoo ndiye aliyenifanya mchawi.

Kesho yake niliitwa mbele ya wazee wao. Makoye alikuja kunisemea, maana nikiogopa Kisukuma changu hukimbia. Nilieleza yote: shamba la mama, ngazi, desturi yetu, baba mdogo, Chui. Mzee mmoja akauliza, "Kisiwa gani hicho ng'ombe analala ndani na watu?" Makoye, badala ya kunitetea, akasema, "Hata mimi nilikataa kuamini. Lakini mtazameni, mtu anaweza kubuni aibu kama hiyo?" Wengine wakacheka. Mabula hakucheka.

Akatoa neno lake. Nichukue samadi gunia moja, nililaze chumbani kwangu, nilale nalo mpaka mwezi uandame. Mchawi halali chumba kimoja na dawa yake, alisema, itamgeukia. Kisha wote wakanitazama usoni waone kama nimeshtuka.

Dada, nilicheka mpaka machozi yakatoka. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimezaliwa juu yake."

Nikalala nalo. Usingizi kama ule sijaupata tangu nitoke nyumbani. Aliyeteseka ni Makoye. Kila asubuhi aliniambia, "Mshitakiwa wewe, mfungwa mimi." Mwezi ulipoandama Mabula alikuja mwenyewe kambini akanikuta nakula ugali na maboga yangu. Akakaa, akaonja, akatafuna muda mrefu. Paskalia aliyekuwa nyuma yake akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja, "Nilikuambia utazame chini ya majani."

Mabula akasema, "Haya. Beba. Beba mpaka nione zizi langu lina sakafu."

Akanipa na mkokoteni wake wa ng'ombe uliokuwa unashuka gatini Nungwe. Makoye alipakia magunia huku amejifunga kitambaa puani. Donatus alipoona mzigo alishika kichwa. "Wenzako wanatuma blanketi, wanatuma sukari, mwingine juzi katuma baiskeli. Wewe unatuma mavi! Bwisya watasema mashua yangu inaharisha!" Nikamwambia mzigo wangu ukikaa na samaki wake, utakaolalamika ni wangu. Tulibishana, tukapatana.

Kwa hiyo pokea. Ni nyepesi, imekauka. Iloweke, changanya na majani kabla ya kuifukia. Anza ngazi za babu, mvua ikishusha kidogo zitapata na za chini.

Jogoo tulimla, na Mabula alichukua paja.

Mdogo wako,
Valerian


Bwisya, Ukara
11 Novemba 1952

Ndugu yangu Valerian,

Marahaba. Mvua imeanza vizuri, ile ya polepole isiyoiba udongo. Scolastika amepata jino, amewashukuru panya. Makoye mwambie nampa pole ya pua.

Mzigo ulifika. Wanawake walioona magunia mengi yanateremshwa walikimbia na vikapu, wakidhani ni mahindi ya kuuzwa. La kwanza lilipofunguliwa walirudi nyuma wakikushangaa wewe na akili zako. Halafu mke wa Donatus akatia mkono, akaisugua, akanusa. "Jamani," akasema, "huyu ametuma ng'ombe bila pembe." Basi hapakuwa na aliyecheka tena. Wenzangu wa kanisani walinisaidia kupandisha, na kila mmoja aliondoka na tenga lake moja kwa ajili ya shamba lake. Usinilaumu, ningefanyaje?

Wazee walipanda mlima kabla ya mvua. Mzee Bartholomeo alitangulia na fimbo yake. Kila ngazi alichota, akasugua, akanusa, akawapitishia wengine. Nilikuwa nyuma yao na moyo wangu ulikuwa mbele yao. Baba mdogo naye alipewa. Alinusa muda mrefu kuliko wote, akasema, "Hii si samadi ya Ukara."

"Si ya Ukara, baba," nikasema. "Imetoka Geita, kwa Valerian."

"Ng'ombe wake tunawajua? Tunajua wamekula nini?"

Mzee Bartholomeo akakung'uta mikono. "Mageni, uwele hauulizi ng'ombe kazaliwa wapi."

Wakashuka mpaka ngazi ya chini. Wakachota. Tupu, mchanga mtupu. Baba mdogo akaruka kama kijana. "Mmeona? Mmeona?"

Nikawaambia hiyo nimeiacha kwa makusudi. Magunia mawili yako uvunguni kwangu yanaingoja. Ngazi hiyo ilijengwa na Valerian kwa kokoto za shati lake, na Valerian ndiye atakayeilisha. Mtu anayesemekana amelewa dhahabu aje aonekane. Asipokuja kabla uwele wa juu haujatoa masuke, chukueni shamba. Wakauliza, ngazi ile? Nikasema shamba lote, kutoka kwa babu mpaka chini. Wakatazamana, wakakubali. Wameondoka na neno langu.

Sasa nikuambie kwa nini nimekubana hivi.

Donatus alishuka kwenye mashua siku ile amevaa viatu vya mgodini, vile vizito vyenye chuma puani. Nikamuuliza kavipata wapi. Akasema ndiyo nauli ya magunia. Valerian, mtu anayeshuka shimoni hatoi viatu vyake. Nikasimama hapo hapo nikakumbuka mambo yote. Unapumzika njiani. Unamwamkia mzee umesimama. Hukuja kwenye msiba. Unataka nije kwenye nchi iliyolala kama mkeka. Nikamshika Donatus shati, maji yakiwa magotini, mpaka akasema: uliteleza kwenye ngazi ya shimoni mwezi wa kwanza, goti la kulia, na sasa unapasua kuni za jiko la kambi. Alisema ulimwapisha. Maskini Donatus, amebeba siri zetu za pande mbili kuliko alivyobeba samaki.

Mimi nilificha ng'ombe, wewe ukaficha goti. Tumelingana, tusigombane.

Ulidhani ningesema nini? Mlima huu hauna haja na goti lako. Ngazi ya chini iko pale njia ya ziwani inapoishia, Scolastika alikuwa anaifikia kwa kutambaa. Hiyo ni yako. Zilizobaki ni zangu, nimekuambia miguu yangu imekuwa ya mbuzi.

Baba mdogo alirudi jioni ile ile, peke yake. Hakusalimu. Alisimama mlangoni, akatazama mahali Chui alipokuwa akilala, akatazama chini. Halafu akauliza kama huko Geita magunia mengine yapo.

Uwele umeshatoka ardhini. Njoo.

Dada yako,
Eufrasia


Kambi ya mgodini, Geita
7 Desemba 1952

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Mzima, ila goti, na nashukuru sasa naweza kuliandika.

Kuhusu msiba sikukudanganya. Ruhusa sikupewa, sikukuambia tu kwamba aliyeninyima ni daktari. Nilikuwa kitandani, mguu umefungwa kwenye mbao. Sikutaka uondoe matanga ya mama huku unanilia mimi. Baadaye nikaona haya. Nilijiuliza kila siku, mtu wa Ukara asiyepanda mlima ni mtu wa wapi? Ndipo nikaanza kukusifia mkeka. Mkeka wenyewe ni mzuri kweli, lakini kila nilipoulima nilikuwa napanga mawe.

Umeliweka shamba lote la babu juu ya goti moja bovu. Niliposoma nilikutukana kwa sauti, Makoye akaamka. Nilipomsomea, akasema, "Dada yako angekuwa mwanangwa."

Nimeaga kazi. Makoye anarithi maboga niliyokwisha kuvuna, na anasema chumba kitakosa harufu ya nyumbani. Viatu sina, nimejitengenezea makubadhi ya tairi, na fimbo amenichongea Mabula mwenyewe.

Mwambie baba mdogo magunia yapo, lakini kuna kilicho bora kuliko magunia. Kutoka mti ule mpaka kichuguu kile. Nimezungumza na Mabula kuhusu Kalisti, mwana wa baba mdogo. Mzee aliniuliza, "Naye ni kama wewe?" Nikasema ametoka kisiwa kile kile. Akafikiri, akasema, "Aje. Zizi liko wazi, azoe tu." Pembe moja imeshalishwa, Kalisti aanzie hapo. Na umwonye: akitaka samadi, asiende na jogoo.

Naondoka na Donatus upepo ukikubali. Ninakuja na gunia moja jingine, la kwangu, na nitalibeba mwenyewe kutoka ufukweni. Nitachelewa kufika. Usimtume mtu kunipokea. Kama mnataka kunitazama, kaeni kwenye jiwe la mama mnitazame, na mkichoka endeleeni na kazi zenu, nitafika.

Na hiyo ngazi ya chini usiiguse, dada. Hata kiganja kimoja cha samadi usitie. Hata kuku akipita pale, mfukuze kabla hajaacha kitu.

Mdogo wako,
Valerian